Breketi, miguu inayojipinda au mota yenye kufuli: antena ya setilaiti uifunge vipi?

Masafa yameshapangwa, dishi limeshachaguliwa, na kwenye mchoro wa setilaiti kuna kona iliyoachwa wazi kwa ajili yake. Linalobaki ni la ufundi mtupu: dishi lishikwe na nini ili likifika obitini liwe bado linatazama kule ulikolielekeza karakanani? Njia zinazogombaniwa mezani ni tatu. Ya kwanza ni breketi ngumu iliyofungwa kwa bolti na pini. Ya pili ni miguu sita yenye shingo nyembamba zinazojipinda kidogo na kurudi mahali pake. Ya tatu ni mota zinazozungusha antena, huku kufuli likiibana wakati wa kupaa na kuiachia baadaye.

Zote tatu zimesharuka na zote zimefanya kazi, kwa hiyo ukimsikia mtu anaapa kwa moja tu, muulize kwanza alikuwa anarusha kitu gani.

Kwanza, je, tatizo unalo?

Antena nyingi za setilaiti ndogo hazihitaji makala haya. Zile zilizotengenezwa kwa utepe wa chuma, kama wa futi ya fundi, zinazojikunjua kando ya setilaiti ya sentimita kumi, hutawanya mawimbi karibu pande zote. Zikihama digrii tano hakuna atakayegundua. Antena bapa za kubandika pia zina mwale mpana wa makumi ya digrii.

Tatizo huanza mwale unapobana. Hesabu ya haraka ya mafundi wa redio ni kuzidisha urefu wa wimbi mara 70, kisha kugawanya kwa kipenyo cha dishi. Jibu ni upana wa mwale kwa digrii. Dishi la sentimita 30 kwenye masafa ya gigahezi 26 lina mwale wa digrii 2.7 hivi. Dishi la mita 2 kwenye gigahezi 20, la setilaiti ya mawasiliano inayokaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, lina mwale wa nusu digrii tu. Ukikosea kwa sehemu moja ya kumi ya upana huo, unapoteza desibeli 0.12 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya ishara), jambo la kuvumilika. Ukikosea kwa nusu ya upana, nusu ya nguvu imekwenda. Na kwa setilaiti iliyo mbali kiasi hicho, kosa la digrii 0.1 linasogeza katikati ya mwale kilomita 62 ardhini, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo.

Mimi huanza na sehemu moja ya kumi kama bajeti yote ya makosa: digrii 0.27 kwa lile dishi dogo, digrii 0.05 kwa lile kubwa. Vipimo vyote vinavyofuata vilinganishe na namba hizo mbili.

Vigezo vya kupimia

Nimezipima njia hizi kwa mambo matano: antena inahama kiasi gani wakati wa kupaa, na inahama vipi, inastahimilije mtetemo, inafanya nini joto likibadilika obitini, inakula uzito, pesa na muda kiasi gani, na ikiharibika, unabaki na nini.

Hilo neno "vipi" ndilo wengi huliruka. Kuhama mara moja kisha kutulia si ugonjwa mkubwa. Setilaiti ikishakuwa juu, unaizungusha polepole huku kituo cha ardhini kikipima ishara, unaona kilele kiko wapi, unaandika tofauti hiyo kwenye programu, na kazi imeisha. Kinachosumbua ni antena inayohama leo hivi na kesho vile, ikiingia kivulini na kutoka juani. Hiyo huwezi kuisahihisha kwa namba moja. Kwa hiyo breketi iliyohama digrii 0.2 na kukaa hapo inaweza kuwa bora kuliko iliyohama 0.05 lakini inayumba kila mzunguko wa dakika tisini.

Dawa hiyo ina mpaka wake. Ukiinamisha setilaiti nzima ili kurekebisha antena, kamera iliyofungwa kwenye mwili uleule inainama nayo. Kama zote mbili zinalenga kitu kimoja kwa wakati mmoja, hesabu zao lazima zikubaliane tangu chini.

Kuhama wakati wa kupaa

Kwenye breketi ngumu, adui mkubwa ni mteleko wa viungo, na chuma kupinda kunafuata kwa mbali. Chukua bolti mbili za M5, yaani za kipenyo cha milimita 5, zilizoachana milimita 100, kila moja ndani ya tundu la milimita 5.5. Kila bolti ina nafasi ya robo milimita kila upande. Mtetemo ukiishinda nguvu ya kubana, moja ikaserereka juu na nyingine chini, breketi imegeuka digrii 0.29. Bajeti yote ya dishi dogo imeliwa na matundu mawili, kabla hujazungumzia kitu kingine.

Tiba ni ya zamani na ni ya bei rahisi: pini mbili za chuma zilizochongwa kwa usahihi, moja katika tundu la duara, nyingine katika tundu refu ili zisigombane. Pengo likiwa mikroni 20 kwa umbali uleule, mzunguko unashuka hadi digrii 0.01 hivi. Pini zinaweka mahali, bolti zinabana. Ukizichanganya kazi hizo mbili, yaani ukaiachia bolti iweke mahali pia, mteleko utakurudia.

Miguu sita haina anasa ya pini, lakini haiihitaji sana. Jozi tatu za miguu, kila jozi ikiwa na umbo la V, zinaushika mwili kwa namna moja tu inayowezekana: kila mguu unazuia mwelekeo mmoja, na mielekeo iko sita. Shingo nyembamba za titani hujipinda na kurudi zilikokuwa, mradi hazijavuka kikomo cha kunyumbuka. Hazina pengo wala mteleko ndani yake. Mteleko unaweza kubaki pale miguu inapofungwa kwenye sahani, na hapo pini zinarudi kazini.

Ya mota inajibu swali tofauti kabisa. Kuhama wakati wa kupaa karibu hakuhesabiki, kwa sababu kufuli likifunguka mota itatafuta yenyewe. Lakini pengo la meno ya gia na usahihi wa kihisi cha pembe vinabaki maisha yote ya setilaiti. Umeondoa kosa la siku moja ukapokea kosa dogo la kila siku.

Mtetemo wenyewe

Hapa inafaa kushika kalamu. Kiwango cha NASA cha GSFC-STD-7000 kinataka kifaa kidogo kitikiswe kwa wastani wa g 14.1 (g moja ni mvuto wa dunia), kuanzia hezi 20 hadi 2000, kinapothibitishwa kwa mara ya kwanza, na g 10.0 kwa kifaa cha kuruka. Sasa chukua antena ya kilo 2 ambayo breketi yake inatetema yenyewe kwenye hezi 150, ikikuza mtetemo mara kumi. Kwenye kiwango cha kuthibitisha, wastani wa mtikisiko unafika g 19, na vilele vinavyotumika kwenye usanifu, mara tatu ya hapo, ni g 58. Kwenye vilele hivyo zile kilo 2 zinavuta kama kilo 116.

Bolti ya M5 ya chuma kigumu iliyokazwa sawasawa inabana kwa kilonyutoni 6 hivi. Ukikadiria msuguano kwa 0.2, inazuia mteleko wa kilonyutoni 1.2, sawa na uzito wa kilo 120. Bolti nne zinatosha na ziada inabaki. Hesabu hii inaanguka pale nyuso zinazogusana zimepakwa rangi. Rangi inabanwa, inakonda, na bolti iliyokazwa Jumatatu imelegea kabla ya Ijumaa. Nyuso za kiungo ziachwe chuma kitupu au ziwe na tabaka jembamba la kemikali, basi. Halafu urefu: kitovu cha uzito wa antena kikisimama juu sana ya bolti, mtetemo hautelezeshi breketi bali unaibandua upande mmoja, na kiungo kilichofunguka nywele moja hakina msuguano wowote.

Kwa miguu inayojipinda, uamuzi mgumu ni unene wa shingo. Ukiifanya nene, inakuwa breketi ya bei ghali. Ukiifanya nyembamba, inaweza kupinda kama spoku wakati roketi inasukuma, au kuchoka kwa mizunguko maelfu. Masafa ya asili pia hushuka dishi linapokaa juu zaidi, na wengi wa wanaorusha hutaka kifaa kidogo kisitetemeke chenyewe chini ya hezi 100. Hili ndilo eneo ambalo mwanafunzi asiye na programu nzuri ya kukokotoa atapata taabu.

Mota bila kufuli ni hatari tupu. Mipira ya bearingi ikipigwapigwa mahali pamoja huacha vishimo kwenye njia yake, na baada ya hapo antena hukwamakwama inapozunguka. Kufuli hubeba mzigo wote kupitia vikombe na koni zinazokaliana, bearingi zikabaki zimepumzika. Sharti ni kwamba kufuli libane kwa nguvu kuliko mtetemo unavyovuta. Koni ikiruka kutoka kwenye kikombe chake hata kwa mikroni chache, inagonga, na kugonga huko huumiza kuliko mtetemo wenyewe.

Madishi makubwa mepesi yana mashaka ya ziada: sauti ya roketi. Dishi la mita 2 la nyuzi za kaboni ni ngoma. Hapo kelele ndani ya kofia ya roketi inaweza kuwa mzigo mkubwa kuliko mtetemo unaopanda kupitia miguu.

Usafiri nao ni muhimu. Setilaiti ndogo za 1KUNS-PF ya Kenya, RWASAT-1 ya Rwanda na PearlAfricaSat-1 ya Uganda zilikwenda kwanza kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga pamoja na mizigo mingine, kisha zikaachiwa kutoka hapo. Mizigo ya namna hiyo hufungwa katika sponji, na mtetemo unaoifikia hupungua sana. Taifa-1 ya Kenya ilirushwa moja kwa moja na roketi ya Falcon 9 tarehe 15 Aprili 2023 kutoka Vandenberg, Marekani. Breketi inayofaa njia ya kwanza usiikubali kwa ya pili bila kupiga hesabu upya.

Joto obitini

Breketi ya alumini yenye nguzo mbili za milimita 200, zilizoachana milimita 150: nguzo moja ikiwa juani na kuzidi nyenzake kwa nyuzi joto 10, inarefuka mikroni 47, na antena inainama digrii 0.018. Kwa dishi dogo ni kelele tu. Kwa dishi kubwa ni theluthi ya bajeti, na inakuja na kuondoka. Titani hupunguza hadi 0.007 na tena haipitishi joto kwa wepesi, ila ni nzito kuliko alumini na inakula visu vya mashine. Nyuzi za kaboni zinaweza kukaribia sifuri, lakini gundi yake hunywa unyevu wa hewa chini na kuutoa kwenye ombwe, kwa hiyo hunywea kidogo katika miezi ya mwanzo. Ukiichagua, usipige kalibresheni ya mwisho, yaani kupima na kusahihisha mwelekeo, wiki ya kwanza.

Miguu sita hapa ndipo inapotamba. Dishi la kaboni likikaa kwenye sahani ya alumini yenye upana wa milimita 400, na sahani ikabadilika nyuzi 60, sahani inatanuka zaidi ya nusu milimita wakati dishi halitanuki karibu kabisa. Kwenye breketi ngumu lazima kitu kimoja kishindwe: bolti iteleze au dishi lipinde. Kwenye miguu, shingo zote zinajipinda kwa usawa kuelekea nje, na katikati ya dishi inabaki palepale.

Mota husahihisha joto kama inavyosahihisha kila kitu, mradi kuna ishara ya kuifuata au jedwali la kuirekebisha. Tatizo lake la joto liko ndani: grisi inayoganda, na pengo la bearingi linalobadilika.

Uzito, pesa na karakana

Breketi inashinda, hakuna ubishi. Fundi mzuri wa mashine ya kuchonga anaimaliza, na jaribio lake ni la wazi. Unabandika kioo kidogo cha mchemraba kwenye antena na kingine kwenye mwili, unapima pembe kati yao kwa theodolaiti (darubini ya kupimia pembe), unapeleka meza ya mtetemo, unapima tena. Kabla na baada ya mtikisiko mkubwa unapitisha mtetemo mdogo wa kuchungulia. Masafa ya asili yakiwa yameshuka zaidi ya asilimia 5 hivi, kitu kimelegea hata kama macho hayakioni. Kila kichwa cha bolti kipigwe mstari wa rangi unaovuka hadi kwenye breketi. Mstari uliokatika unakuonyesha bolti gani, na hugharimu kichupa kimoja cha rangi.

Miguu inayojipinda hutaka uchongaji wa waya wa umeme au mashine nzuri sana, na sampuli za kuvunja. Kipuri kimoja kikidondoka sakafuni, usibahatishe, tupa.

Mota ina orodha ndefu: kidhibiti, nyaya zinazojikunja, umeme, kufuli, na majaribio ya kufungua kufuli penye baridi kali. Setilaiti ndogo hupunguza gharama kwa kamba ya plastiki inayokatwa na waya wa moto. Wenye busara huweka nyaya mbili za moto.

Kuna anayeuliza: kwa nini tusiweke raba tu? Raba hushusha mtetemo wa masafa ya juu vizuri, ila haikumbuki ilipokuwa, na ugumu wake hubadilika na joto. Iweke chini ya kisanduku cha elektroniki. Kwa antena ina maana pale tu inapowekwa kati ya roketi na setilaiti nzima, kwa sababu setilaiti ikishaachana na roketi inaiacha huko pamoja na makosa yake.

Ikiharibika

Breketi iliyohama inakuachia antena inayofanya kazi, ila inatazama pembeni kidogo. Setilaiti nzima ikigeuzwa, mawasiliano yanarudi. Ndiyo maana vyombo vya anga vya Voyager vilivyoondoka 1977 vina dishi la mita 3.7 lililokazwa kwenye mwili, na Cassini ya 1997 ilikuwa na dishi la mita 4 la namna hiyo, gumu kiasi cha kutumika kama ngao. Gharama yake: Cassini ilipotaka kuzungumza na dunia iligeuka mwili mzima, na kamera zikaacha kutazama Zohali.

Mguu uliovunjika ni habari mbaya zaidi. Miguu sita haina wa akiba. Mmoja ukikatika, dishi linaning'inia na kuyumba.

Kwa vitu vinavyofunguka, mfano wa kukumbuka ni Galileo, chombo kilichotumwa sayari ya Mshtarii. Dishi lake la mita 4.8 lilikunjwa kama mwavuli wenye mbavu 18, likarushwa Oktoba 1989, na Aprili 1991 lilipoamriwa kufunguka, mbavu kadhaa ziligoma. Wachunguzi waliona sababu inayowezekana zaidi ni kilainishi kikavu kilicholika, hasa antena iliposafirishwa kwa lori kati ya California na Florida. Safari ikaendelea kwa antena ndogo na kwa mwendo wa data wa kinyonga. Ukichagua kitu chenye kufuli, hesabu ya mtetemo ianzie kwenye lori.

Lakini mota zikifanya kazi zinalipa. Mars Reconnaissance Orbiter, iliyorushwa Agosti 2005, ina dishi la mita 3 linalogeuka lenyewe: kamera inatazama Mirihi, dishi linatazama dunia, hakuna anayemsubiri mwenzake.

Kwa hali yako

Kama ni timu ya chuo, setilaiti ndogo, mwale wa digrii mbili au zaidi, na mwili wa setilaiti unaweza kugeuka wenyewe: breketi ya alumini, bolti nne, pini mbili, nyuso bila rangi. Pesa inayobaki ipeleke kwenye siku moja zaidi ya meza ya mtetemo.

Kama mwale uko chini ya digrii moja, dishi na mwili ni vya malighafi tofauti, na setilaiti itaingia na kutoka kivulini kila mara, miguu inayojipinda inastahili taabu yake. Usianze nayo bila mtu aliyewahi kuikokotoa shingo na kuivunja kwa makusudi.

Kama mwale ni mwembamba lakini setilaiti itakaa na joto tulivu, au una ruhusa ya kupiga kalibresheni kila baada ya wiki chache, breketi ya titani inaweza kukuvusha kwa nusu ya kazi. Watu huiruka kwa sababu haina mvuto kwenye mchoro.

Kama kamera na antena lazima zitazame pande mbili kwa wakati mmoja, au setilaiti moja inahudumia vituo kadhaa kwa zamu, mota haikwepeki. Hapo tenga umeme na uzito tangu ukurasa wa kwanza, na ukubaliane na wenzako swali moja mapema: kufuli lisipofunguka, je, antena iliyobanwa inatazama upande ambao bado unaweza kutuma data kwa kuigeuza setilaiti? Kama jibu ni hapana, geuza mkao wa kufuli kwenye mchoro kabla hujaagiza mota.